Pigo la Mwiko, Pazia Katikati

Baba mkwe wangu hupiga kengele ya baiskeli kila anapokaribia mahali nilipo. Hapigi kwa ajili ya kuku wala kwa ajili ya wapita njia; ananipigia mimi. Nikiisikia najua nina nafasi ya kuacha nilichoshika, kutoka njiani, kuchuchumaa nikitazama upande mwingine, na kungoja mpaka baiskeli ipite. Wanyakyusa wanaiita kutila. Mke wa mtoto hamtazami mkwe wake usoni, halitaji jina lake, haongei naye, na hakai naye chumba kimoja. Hapa mjini Kyela wengi wameshaiacha, utawakuta wanashikana mikono nje ya kanisa na kuulizana habari za mpunga. Baba mkwe wangu hakuiacha, na mimi sikumwomba aiache. Nimezaliwa ufukweni, kwa Wakisi wafinyanzi, na mama yangu alinifunda kwamba ukiolewa unachukua nyumba pamoja na moshi wake.

Kwa hiyo namjua kwa vipande. Nakijua kikohozi chake, nazijua raba zake za mvua, naijua namna anavyoegemeza baiskeli ukutani bila kuitupa. Uso wake naujua kutoka kwenye picha ya harusi yetu, na hapo alikuwa amefumba macho.

Ninayasema haya kwanza ili nikisema kwamba tulipigana, mimi na baba mkwe, mchana kweupe, mama mkwe akiwa pembeni anakula karanga, mtu asidhani nimerukwa na akili.

Tulipigana kwenye gemu. Nina chumba cha gemu Mbugani, kwenye fremu ya duka ya baba mkwe mwenyewe, kati ya fundi cherehani na duka la pembejeo. Mume wangu anashinda Kasumulu, mpakani, akihangaikia mizigo ya watu forodhani, na chumba ni changu: televisheni kubwa juu ya meza, viti vya plastiki, feni inayolalamika, na mimi. Wateja wangu ni watu wazima wenye kazi zao. Kuna madereva wa bodaboda wanaosubiri jua lipungue, kuna walimu, kuna wauguzi waliotoka zamu, na kuna mfanyabiashara wa mchele ambaye hutundika shati lake kwenye msumari kabla hajakaa. Mwanzoni walinichukulia kama mtu wa kuwasha na kuzima umeme. Siku hizi wananiita Mwalimu, na hawatanii. Nimeshawafunga wote. Sijivuni, nasema kilivyo, na asiyeamini mlango uko wazi.

Balaa lilikuja likiwa limebeba mkungu wa ndizi. Mama mkwe aliingia asubuhi moja, akatua mzigo, tukasalimiana kwa Kinyakyusa kwa urefu wake wote, ugonile ya mtu, ya nyumba na ya mifugo, ndipo akatoa alichotumwa. Alisema baba yenu anasema kakao safari hii imebeba sana. Kule kijijini Ikolo stoo haitoshi, tena inavuja. Uvunaji ukianza anaitaka fremu yake aweke magunia. Kisha akashusha sauti na kuongeza kwamba wazee wenzake kanisani wamemuuliza kama ni kweli mke wa mwanawe anafuga wavivu.

Masikio yangu yalipata moto. Habari ya kakao ningeielewa, maana ndiyo iliyomsomesha mume wangu. Lakini wavivu! Nilimwambia mama mkwe mengi, mengine hayaandikiki, na la mwisho lilikuwa kwamba anayesema hivyo aje aone. Mama mkwe alicheka mpaka akashika kiuno. Aje vipi, aliniuliza, na wewe umo ndani?

Hata hivyo neno alilifikisha, kwa sababu ndiyo kazi yake katika nyumba ile. Miaka yote maneno yangu na ya mumewe hupita kwake kama mpunga unavyopita mashineni, yakatoka upande wa pili yamekobolewa. Siku chache baadaye akarudi na jibu.

Hapa lazima niseme kwamba baba mkwe hucheza drafti. Tena si kucheza tu. Kwenye baraza la mashine ya kukoboa, akiketi na vizibo vyake vya soda, watu husahau foleni ya mpunga wao wakimtazama. Na jibu lake lilikuwa la mcheza drafti. Alisema drafti ina fikra, hakuna kizibo kinachosogezwa bila sababu. Kile kitu cha mkwe wake ni kubofyabofya na makelele. Kama mkwe anabisha, amwonyeshe fikra moja iliyomo. Moja tu. Akiiona kwa macho yake mwenyewe, fremu itabaki kuwa chumba cha gemu. Asipoiona, kakao ikianza kuvunwa anataka funguo.

Nilikubali kabla mama mkwe hajamaliza kusema.

Mume wangu aliporudi kutoka Kasumulu alishika kichwa. Alikuwa na mapenzi mema, akanishauri nimwonyeshe baba yake mambo makubwa makubwa: lile joka la moto, ile radi, lile jitu linalong'oa vijukwaa na kuvirusha. Mzee atashangaa, alisema. Nikamjibu kwamba sitaki ashangae, nataka afikiri. Nitamwonyesha pigo la mwiko.

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni rasmi atapewa chai ya rangi na basi.

Sasa nieleze. Katika gemu hili wapiganaji wawili wanasimama juu ya majukwaa yanayoelea hewani, jukwaa kubwa chini na vijukwaa vidogo juu yake, na pembeni kote ni shimo. Hufi kwa kupigwa. Kila ukipigwa namba yako ya maumivu inapanda, na kadiri inavyopanda ndivyo pigo linavyokurusha mbali zaidi, mpaka mwisho unarushwa nje moja kwa moja na hurudi. Mchezo ni huo tu. Mpiganaji wangu ni bibi mfupi mwenye kilemba, na silaha yake ni mwiko. Watu hawamchagui. Wanaliona joka, wanaliona jitu, wanamruka bibi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wengi wameshatoka chumbani kwangu wakichechemea.

Pigo lenyewe ukilitazama halina kitu. Bibi anainua mwiko juu ya kichwa chake, basi. Halina moto wala mlio wa maana. Lakini mimi nilikaa nalo masika nzima, wakati barabara zimejaa maji na wateja hawaji. Nililirekodi kwa simu, nikalirudisha polepole, picha baada ya picha, mvua ikipiga bati juu yangu, mpaka nikalijua kama ninavyoujua mkono wa mama yangu ukiwa ndani ya udongo.

Nilichokigundua kwanza kilihusu kidole changu mwenyewe. Ukisukuma kijiti cha padi, kile kidude cha kuchezea mkononi, kwenda juu kwa nguvu pamoja na kitufe, bibi anajikunja, anavuta pumzi, analeta pigo zito ambalo adui ameshaliona tangu asubuhi. Lakini ukikigusa tu kile kijiti, kama unavyogusa chungu kibichi kuona kama kimeanza kukauka, linatoka pigo jepesi, na limeshatoka kabla mtu hajalifikiria. Wengi hawalipati kwa sababu hasira zao ziko vidoleni. Zangu ziko mdomoni. Vidole vyangu vimetulia.

Halafu nikaona mwiko unakoanzia. Kwa macho ya kawaida utaapa kwamba unapanda mbele ya bibi. Uongo. Ukirudisha picha polepole unauona unatokea mgongoni, chini kidogo ya bega, unapita juu ya kilemba, unamalizikia mbele ya pua. Maana yake aliye nyuma ndiye anayepigwa kwanza. Ni wengi wanaomruka bibi wamvamie kwa nyuma, wakidhani wamepata mlango wa uani, na mwiko ndio unaowapokea.

Kubwa kuliko yote ni kwamba pigo hili halirushi mbali. Wateja wangu walikuwa wakilicheka kwa sababu hiyo. Lakini asiyejua maana haambiwi maana. Adui ambaye hajaumia sana anapanda kidogo tu, anashuka palepale, na wakati anashuka mwiko umeshamaliza safari na uko tayari. Anapanda tena, anashuka tena. Mwanamke yeyote wa Kyela aliyeshika ungo anajua ninachosema: ni kupeta. Na kama kupeta, ukirusha juu mno umemwaga. Namba ya maumivu ikishapanda sana, adui anakwenda juu kuliko mwiko unavyofika, na hapo inabidi uache, uruke, umfuate na pigo lingine. Wasiojua wakati wa kuacha wanaendelea kupeta hewa. Walio wazito hushuka haraka, kwa hiyo jitu lile wanalolipenda ndilo chakula kizuri cha bibi. Na ukisimama chini ya kijukwaa, mwiko unatokeza juu ya sakafu na kumchapa nyayo aliyejificha huko.

Lina udhaifu wake pia, mmoja. Nao niliujua. Lakini mcheza drafti hamwambii mwenzake ni kizibo gani hakina mlinzi, na mimi nilipanga kuonyesha fikra, sikupanga kugawa silaha.

Ikabaki shida ya kukaa chumba kimoja. Mume wangu ndiye aliyeitatua, na nampa sifa zake. Alitundika pazia la bluu kutoka darini hadi sakafuni, likakigawa chumba katikati, ukingo wake ukagusa meza ya televisheni pale katikati kabisa. Anayekaa kushoto anaiona televisheni, anayekaa kulia anaiona, na wao hawaonani. Upande wa baba una mlango wa barabarani, upande wangu una mlango wa uani. Waya za padi zikapitishwa chini ya pazia. Mama mkwe aliwekewa kiti nyuma kabisa, pale pazia linapoishia, apate kuona pande zote mbili na kupeleka maneno.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, joto lile la Kyela linaloganda shingoni. Nilisikia kengele tangu kwa fundi cherehani. Nikajua baiskeli imeegemezwa, nikazisikia raba, nikasikia kiti cha plastiki kikikubali uzito. Upande wangu, mume wangu alishika padi ya pili na kuchagua joka, awe wa kupigwa. Fundi cherehani, nadhani, alizima mashine yake asikilize.

Nikaanza. Nilimwambia mama mkwe amwambie baba atazame bibi anavyokitii kidole. Mama mkwe akamwambia. Nikamwambia amwambie atazame mwiko unakotokea. Akamwambia. Nikaingia kwenye kupeta, nikampeta mume wangu mpaka joka likawa halijui mkia wala kichwa, na nikawa namweleza mama mkwe kwa haraka, naye anayarudia na karanga mdomoni, mpaka akachoka.

"Mnasikiana," alisema. "Mimi si redio."

Akaendelea kula karanga zake. Feni peke yake ndiyo iliyoendelea kuongea. Nilijua baba mkwe hawezi kuniambia neno, na mimi siwezi kumwambia neno, na fikra yangu bado imefika nusu, na nusu haikomboi fremu. Ndipo nikapata njia. Niliiambia televisheni. Nilisema, televisheni, tazama namba ya joka, imeshapanda, sasa mwiko haumfai tena, bibi lazima aruke. Bibi akaruka, akamchapa joka hewani, joka likaenda nje.

Ng'ambo ya pazia kikatoka kikohozi ninachokijua. Kisha sauti nzito, nayo ikiongea na televisheni vilevile, ikauliza kwa nini yule joka anakaa palepale anapigwa, haondoki?

Mwe! Nilitaka kuruka kitini. Hilo si swali la mtu anayeona makelele. Nililijibu kwa furaha. Niliiambia televisheni kwamba anaweza kuondoka, lakini mchezaji huyu amezubaa, na mume wangu akaguna. Anayejua akirushwa hewani huegemea upande mmoja, adondoke nje ya njia ya mwiko. Kwa hiyo bibi hatazami mwiko wake. Anamtazama adui anaegemea wapi, anasogea kidogo upande huohuo, ndipo anapiga. Ukitazama mkono wako mwenyewe umeshachelewa.

Baadaye ile sauti ikasema kwamba kwenye drafti pia ni hivyo, hutazami kizibo chako. Na mara ikaomba padi.

Mume wangu alinitazama. Hilo halikuwamo kwenye mapatano. Akaipitisha padi yake chini ya pazia, akazunguka upande wa pili, nikamsikia akimwonyesha baba yake vitufe taratibu, kwa heshima, kama anamvalisha viatu. Baba mkwe alichagua chura mwenye kofia. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba ni kwa sababu katika viumbe wote wale ndiye peke yake anayemfahamu kutoka shambani.

Chura akaanza kutembea kuja kwangu. Na hapo vidole vyangu, vile nilivyovisifu, vikanifanyia kitu ambacho sitakisahau. Vilimrudisha bibi nyuma. Chura akasogea, bibi akatoka njiani. Chura akapanda kijukwaa, bibi akashuka upesi asikae naye jukwaa moja. Nilikuwa najiambia piga, piga, na mkono hausikii. Nikamgeuza bibi ampe chura mgongo. Chura akaja tena, polepole, hajui hata kuruka vizuri, na bibi akasogea kumpisha, akasogea tena, akatumbukia shimoni. Hakuguswa na mtu. Nilikuwa nimempisha baba mkwe njia mpaka nikafa.

Gemu inakupa uhai mara tatu. Wa pili niliupoteza vilevile. Mume wangu, nilimsikia, alikuwa anapumua kwa taabu, sijui analia au anacheka. Lakini mimi sikuona cha kuchekesha. Machozi ya hasira yalinisimama. Mzee amekuja kutafuta fikra, na anachokiona ni mpiganaji anayejitupa mwenyewe shimoni. Nikayaona magunia ya kakao yamepangwa pale ninapokaa. Nikamwona mfanyabiashara wa mchele akifika na kukuta shati lake halina msumari. Watu wanaodhani chumba kama kile ni kitu kidogo hawajawahi kuwa hodari wa kitu kimoja mahali kimoja, wakajulikana kwa hicho. Mimi mahali pangu ni pale. Nilikuwa napapoteza kwa adabu.

Bibi akarudi jukwaani na uhai wake wa mwisho. Chura alikuwa amesimama katikati, hasogei. Kisha ile sauti ikaongea, na safari hii haikuongea na televisheni.

"Humu ndani hakuna mkwe. Piga."

Katika ndoa yangu yote, hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia mimi. Mama mkwe aliacha kutafuna. Nilipangusa macho kwa kiganja, nikashika padi sawasawa, nikapiga.

Nilimpeta baba mkwe wangu kama mchele. Chura alipanda akashuka, akapanda akashuka, na namba yake ikapanda mpaka ikawa nyekundu, nikaruka, nikamtuma nje. Akarudi. Akajaribu kuniruka anifuate kwa nyuma, mwiko ukamtangulia. Akakimbilia juu ya kijukwaa, nikasimama chini yake, mwiko ukatokeza sakafuni. Nikamtoa tena. Sikuona haya hata kidogo. Nilikuwa na furaha, na naikumbuka mpaka leo, furaha ya mtu aliyeruhusiwa kuwa yeye mbele ya aliyekuwa anamwogopa. Tukawa sawa, kila mmoja na uhai wake wa mwisho.

Chura akasimama tena. Kimya. Nilikijua kimya kile, watu wa mashineni wanakisimulia: mzee anaweka kidole juu ya kizibo na hakisogezi, na mwenzake anaanza kutoka jasho. Nikamsikia akimuuliza mwanawe kitu kwa sauti ndogo, na mwanawe akamjibu. Sikungoja. Nikamsogelea chura, nikagusa kijiti, mwiko ukapanda.

Ukampita juu.

Nikapiga tena. Ukampita tena. Ndipo nikatazama vizuri. Chura alikuwa amechuchumaa. Tumbo sakafuni, kofia imeshuka machoni, mfupi kuliko kitu chochote kwenye jukwaa lile. Na huo ndio udhaifu wa pigo langu, ule mmoja niliouficha: mwiko unaanzia begani na kwenda juu, kilichoinama chini kabisa haukigusi. Hakuna mteja aliyewahi kuugundua. Wote ni watu wa kuruka.

Ningeweza kurudi nyuma, nikatafuta pigo lingine. Sikuweza kufanya chochote. Nilikuwa nimeduwaa nikitazama kwenye televisheni. Miaka yote nimechuchumaa mimi, kwenye vijia vya Ikolo, pembeni ya majaruba ya mpunga, nje ya kanisa na gauni langu zuri. Na sasa yeye, kwa kidole chake mwenyewe, mkewe na mwanawe wakitazama, amechuchumaa mbele yangu na hasogei. Chura akatoa ulimi, akamkamata bibi kiunoni, akamtupa nje. Televisheni ikapiga tarumbeta.

"Hilo hukulisema," ilisema sauti.

"Halikuulizwa, baba."

Lilinitoka kabla sijalizuia. Halafu ng'ambo ya pazia nikasikia kitu ambacho hakimo katika vipande vyote ninavyomjua. Baba mkwe alikuwa anacheka. Kicheko chembamba, cha puani, kisichofanana kabisa na sauti yake. Kiti kikalia, raba zikatoka, na baada ya muda kengele ikasikika kwenye barabara ya kuelekea Ikolo, ingawa mimi sikuwa kwenye barabara hiyo.

Mume wangu alisema basi, imekwisha, umefungwa, tuanze kutafuta fremu nyingine. Nilimwambia anyamaze. Kufungwa nimefungwa, lakini hatukuwekeana kufungana. Tuliwekeana kwamba aione fikra, na mtu hawezi kuchuchumaa chini ya kitu ambacho hajakielewa. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, nikaenda kulala, na nililala vizuri kuliko yeye.

Mama mkwe alikuja siku ya soko, na mkungu mwingine. Akatua, tukasalimiana, hakuruka hata mfugo mmoja, na mimi nikajikaza nisimharakishe. Hatimaye akasema kwamba kule Ikolo wameanza kukata mianzi. Baba yenu anajenga banda la kakao nyuma ya nyumba, lenye bati jipya. Nikajua magunia yamepata kwao. Nikamwambia ndaga, asante, nikamwambia tena, kisha nikavuta kiti nipande nishushe pazia, kwa sababu wateja walikuwa wameshaanza kunung'unika kwamba wanapigwa joto kama samaki kwenye moshi.

Mama mkwe akanishika mkono. Akasema baba yenu ameagiza pazia liachwe palepale. Na amemtuma aulize, chura akichuchumaa vile, bibi anamfanyeje?

Jibu ninalo. Nilikuwa nalo hata siku ile. Nikashuka kitini, nikamwambia mama mkwe amwambie aje aone.